Tusitenganishe Sanaa na Mambo ya Kila Siku

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wanajumuiya wa kundi la mtandaoni la wapenda sanaa walipokutana ana kwa ana. Imeandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu mwenyekiti, wasimamizi wa jumuiya yetu, wasanii mliopo, na nyinyi ndugu zangu ambao wengi wenu nawafahamu zaidi kwa maandishi kuliko kwa sura, hamjambo? Nashukuru kupewa nafasi hii.

Nimeombwa niseme neno juu ya pendekezo lililo mezani. Baadhi ya wenzetu wanataka jumuiya igawanywe mara mbili. Upande mmoja ubaki wa sanaa ya kisasa: michoro, sanamu, picha za kamera, habari za maonyesho. Upande wa pili uwe wa hayo mengine tunayoyaona na kuyatuma kila siku: ukuta uliobambuka rangi, abiria aliyesinzia dirishani, kivuli cha kiti cha plastiki saa nane mchana. Hoja yao ina uzito na sitaki kuipita kana kwamba haipo. Wanasema anayekuja kutafuta sanaa anachoka kupekua. Wanasema mchoro ambao msanii amehangaika nao miezi mitatu unazama chini ya picha tano za mawingu. Ni kweli hutokea, nami huumia kwa ajili ya msanii huyo.

Hata hivyo nasimama kupinga. Napinga kwa sababu naamini mambo haya mawili ni kazi moja, nayo ni kutazama. Msanii anatazama, kisha anatengeneza. Mwenzetu asiye msanii anatazama, kisha anatuma. Tukiwatenganisha, msanii atabaki na watu wa kumpongeza, na yule wa pili atabaki na watu wa kupitisha muda. Wote wawili watapungukiwa.

Turudi nyuma kidogo. Kwa takriban karne mbili, Akademia ya sanaa ya Ufaransa ilipanga michoro kwa madaraja. Juu kabisa ilikaa michoro ya historia, dini na visasili. Chini kabisa ikakaa michoro ya vitu visivyo na uhai: bakuli, matunda, kisu kilichoachwa mezani. Mchoraji aliyetafuta heshima alijua achore nini. Kisha Aprili 1874 wasanii wapatao 30 wakafungua maonyesho yao wenyewe jijini Paris, katika studio iliyokuwa ya mpiga picha Nadar. Claude Monet alileta mchoro wa bandari ya Le Havre alfajiri, jua jekundu na ukungu juu ya maji. Wapo walioukejeli kwamba haujakamilika. Miaka mitatu baadaye akaonyesha stesheni ya treni, pamoja na moshi wake na vyuma vyake. Mwaka 1886 Vincent van Gogh akachora jozi ya viatu vikuukuu, kamba zimelegea, ngozi imekunjamana kwa kuvaliwa. Hakuna mfalme aliyevivaa wala vita vilivyopiganwa ndani yake. Ni viatu, na mtu aliyevitazama mpaka vikawa na uzito.

Baada ya hapo mlango haukufungwa tena. Mwaka 1912 Pablo Picasso alichukua kipande cha kitambaa cha meza cha kiwandani, kilichochapwa nakshi ya kiti cha kusukwa, akakigandisha juu ya mchoro wake, akauzungushia kamba halisi pale ambapo wengine wangeweka fremu. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Edward Saidi Tingatinga alikuwa Dar es Salaam akichora wanyama na ndege kwa rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya mbao nyembamba za ujenzi. Alifariki mwaka 1972, na mtindo aliouanzisha bado unabeba jina lake. Hawa hawakusubiri kitu kinachostahili kuchorwa kiletwe mbele yao, wala hawakusubiri vifaa vya daraja la juu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa El Anatsui, mzaliwa wa Ghana aliyefundisha uchongaji kwa miaka mingi katika mji wa Nsukka, Nigeria. Mwishoni mwa miaka ya 1990 aliokota mfuko wa vifuniko vya aluminiamu vya chupa za pombe kali, umetupwa kichakani. Aliuchukua, ukakaa studio. Hapo ndipo ninapowaomba mtulie, kwenye huo muda wa kukaa. Hakuwa na mpango nao. Alivitazama tu vifuniko vile, rangi zake, maandishi yake, wembamba wake, mpaka akaona kwamba vinaweza kupondwa bapa, kukunjwa na kuunganishwa kwa waya wa shaba vikawa shuka la chuma. Leo mashuka hayo hufunika kuta nzima za makumbusho, yakianguka kwa mikunjo kama nguo, kila yanapotundikwa yakichukua umbo jingine. Anayeyasogelea anakuta majina ya vinywaji, na kupitia vinywaji anakumbushwa historia chungu ya Afrika na wafanyabiashara wa Ulaya, wakati pombe ilipokuwa moja ya bidhaa zilizobadilishwa kwa binadamu. Mwaka 2015 alitunukiwa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake katika maonyesho ya Venice.

Sasa niambieni ndugu zangu. Siku ile, kama El Anatsui angekuwa mwanajumuiya wetu, akapiga picha ya mfuko wa vifuniko na kuandika, "Nimeokota hivi, tazameni rangi zake," tungemwelekeza upande upi? Kwa pendekezo hili angeenda upande wa mawingu. Mashuka yale yangekuja baadaye na kuingia upande wa sanaa, na watu wa upande wa sanaa wasingejua yametoka wapi.

Kuna wanaonijibu kwamba kutumiana picha mtandaoni ni kivuli cha sanaa, kwamba sanaa yenyewe iko ukutani na sisi tunapokezana mabaki. Ninaelewa, lakini historia haiwaungi mkono moja kwa moja. Mwaka 1917 Marcel Duchamp alipeleka kwenye maonyesho ya New York beseni la kukojolea la choo cha wanaume, limelazwa kwa mgongo na kutiwa saini ya jina la bandia, R. Mutt. Maonyesho yale yalikuwa yametangaza kupokea kazi ya kila msanii aliyelipa ada. Hata hivyo hii haikuonyeshwa. Beseni lenyewe likapotea. Kilichobaki ni picha moja aliyoipiga Alfred Stieglitz, ikachapishwa mwezi Mei mwaka huohuo katika jarida dogo, pamoja na maandishi mafupi ya kulitetea. Nakala zilizomo kwenye makumbusho leo zilitengenezwa miongo kadhaa baadaye kwa idhini ya Duchamp. Maana yake ni kwamba moja ya kazi zilizobishaniwa kuliko zote katika karne ya 20 iliwafikia watu kwa njia ileile tunayoitumia sisi: picha, na maneno machache ya mtu aliyeona kitu akataka na wenzake wakione.

Lakini angalieni, picha na maneno vilikwenda pamoja. Picha peke yake isingefanya kazi ile. Na hapa nafika mahali ambapo nataka tuwe wakali kidogo, kila mmoja kwa nafsi yake.

Skrini inadanganya kuhusu ukubwa. Guernica, mchoro wa Picasso wa mwaka 1937, ina kimo cha karibu mita 3.5 na upana wa karibu mita 7.8. Ukisimama mbele yake kule Madrid huwezi kuimaliza bila kugeuza shingo, na miili iliyochorwa mle ni mikubwa kuliko wako. Mchoro wa Salvador Dalí wenye saa zinazoyeyuka, wa mwaka 1931, uliopo New York, una sentimita 24 kwa 33. Ungeenea kwapani. Kwenye simu, michoro hii miwili ina upana uleule. Kidole kinapita juu ya mmoja kisha juu ya mwingine, na mwili wako haupati habari kwamba mmoja ulitengenezwa ili ukuzidi na mwingine ili ukuvute karibu.

Skrini inadanganya pia kuhusu ngozi ya kazi. Wengi wenu mmeuona Mraba Mweusi, mchoro wa Kazimir Malevich, uliotundikwa mara ya kwanza Desemba 1915 mjini Petrograd, juu kwenye kona ya chumba, mahali ambapo katika nyumba za Warusi huwekwa picha takatifu. Kwenye simu ni mraba mweusi, basi, na haraka mtu anauliza kuna nini hapo. Mchoro wenyewe uliopo Moscow una upana wa karibu sentimita 80, kingo zake hazikunyooka sawasawa, weupe wake una alama za brashi, na weusi wake umepasuka pote kwa nyufa ndogondogo ambamo rangi nyingine zinachungulia. Mwaka 2015 wataalamu wa jumba la makumbusho la Tretyakov, ulikohifadhiwa, walieleza kwamba chini yake mna michoro mingine yenye rangi. Hayo yote programu ya kutumiana ujumbe inayabana ili picha iende haraka, na kinachotupwa kwanza ni haya madogo: nyuzi za turubai, mkwaruzo wa brashi, ufa.

Rangi nazo hazifiki salama. Simu moja huvuta kwenye buluu, nyingine kwenye manjano, na taa ya ukumbini ilikwisha kuzipindisha kabla kamera haijawashwa.

Sisemi tuache kutuma. Nasema anayetuma ana deni la maneno. Andika jina la msanii, mwaka, ni rangi gani juu ya kitu gani, na vipimo. Hicho ni kiwango cha chini, na ni sentensi moja tu. Kisha, kama uliiona kazi hiyo kwa macho yako, tuambie simu imekunyang'anya nini. "Ilinifika kiunoni." "Nilipoinama pembeni niliona rangi imevimba kama kovu." "Ilinuka mafuta ya kitani." Sentensi kama hizo hazipatikani kwenye kitabu chochote cha sanaa. Zinapatikana kwa mtu aliyekuwepo. Na kama hukuiona ila kwenye skrini kama sisi wengine, sema hivyo, halafu tuonyeshe jicho lako lilipokwama.

Nasema kukwama kwa sababu kutazama ni kazi ya muda, nasi muda hatuutoi. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, ambako watafiti waliwahesabia watu muda waliosimama mbele ya michoro maarufu. Wastani ulikuwa sekunde 27, na katika nusu ya mara walizohesabu muda haukuzidi sekunde 17. Hawa ni watu waliofunga safari kwenda kutazama. Sisi wenye kidole kwenye kioo tuko wapi?

Jennifer Roberts, profesa wa historia ya sanaa katika Chuo Kikuu cha Harvard, huwapa wanafunzi wake zoezi la kukaa mbele ya kazi moja kwa saa 3 nzima. Yeye mwenyewe alilifanya kwa mchoro wa mwaka 1765 wa kijana na kindi wake, uliochorwa na John Singleton Copley, akaandika kwamba dakika 9 zilipita kabla hajagundua kuwa umbo la sikio la kijana linarudiwa katika manyoya ya tumbo la kindi. Dakika 9, naye ni mtaalamu! Sikio lilikuwa pale wakati wote. Mimi siwaombi saa 3. Naomba kabla ya kubonyeza kutuma, au kabla ya kubonyeza moyo chini ya kazi ya mwenzako, uweke simu mezani, uitazame kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai, kisha uandike jambo moja ambalo hukuliona mwanzo.

Sasa juu ya sentensi moja ambayo imewafukuza watu wengi kwenye makundi ya sanaa, si kwetu tu. Mtu anatumiwa mchoro wa mistari na madoa, anajibu, "Hata mtoto wangu angechora hii." Basi wanamshukia. Anaambiwa hajui sanaa, anaambiwa akasome, wengine wanamcheka. Kesho yake amejitoa kimyakimya.

Ndugu zangu, mtu yule alikuwa mkweli kuliko walioandika "kazi nzuri sana" bila kutazama. Amesema alichokiona: mkono usiojificha, mstari usiotaka kuonyesha ufundi. Wasanii kadhaa wakubwa wa karne iliyopita walikuwa wakiutafuta mkono huo kwa makusudi. Paul Klee aliiheshimu michoro ya watoto, akaithamini hata ile aliyoichora yeye mwenyewe utotoni. Kwa hiyo jibu linalofaa ni kumuuliza swali: mtoto wako angeanzia wapi? Angeacha wapi nafasi wazi? Angetumia rangi ngapi? Akianza kujibu, ameshaingia ndani ya mchoro. Anaweza kutoka akiwa bado haupendi, na hiyo ni haki yake. Wapo wanaokataa kazi kwa hoja iliyotokana na kutazama, na mimi nawathamini hao kuliko mashabiki kumi.

Kuna wanajumuiya wengine ambao hatuwazungumzii, nao ni wenzetu wasioona au wenye uoni hafifu. Wanatumia programu inayoisoma skrini kwa sauti. Inapofika kwenye chapisho lako lisilo na maelezo, inatamka "picha" na kuendelea. Hebu fikirini kukaa kwenye jumuiya ya sanaa siku nzima na kusikia: picha, picha, picha. Wanabaki kwa ajili ya maneno yetu, na mara nyingi maneno yenyewe hatuyatoi.

Karibu mitandao yote mikubwa ina sehemu ya kuandika maelezo ya picha. Itumieni. Na nimejifunza kitu kwa kuitumia: huwezi kumweleza mtu mchoro asiouona kwa kusema "unasikitisha" au "una nguvu". Hayo ni matokeo yaliyotokea kwako. Yeye anataka chanzo. Inakubidi useme mwanamke ameketi upande wa kushoto, ameupa mgongo mwanga, mkono mmoja uko mapajani na mwingine hauonekani, na nusu ya juu ya mchoro wote ni ukuta mtupu wa rangi ya majivu. Ukifika kwenye ukuta huo unashtuka, kwa maana hukuwa umeuona. Mwenzetu asiyeona amekulazimisha uone. Kama kuna utaratibu mmoja ninaotaka tuufanye kuwa wa lazima, basi ni huu, na ningeutetea hata kama mengine yote niliyosema yangekataliwa.

Nirudi kwa watu wa mawingu na viti vya plastiki, kwa sababu nao nina neno nao. Kutuma jambo la kila siku hakulifanyi kuwa na thamani. Picha ya salamu ya asubuhi iliyopita mikononi mwa maelfu ya watu haina jicho la mtu ndani yake, na hiyo kwa kweli tunaweza kuishi bila kuitumiana. Ninachokitetea ni kile ulichokiona wewe, leo, na kukisema kwa usahihi.

Yupo msanii aliyelifanya jambo hili kuwa kazi yake. On Kawara, Mjapani aliyeishi New York, kuanzia mwaka 1968 hadi 1979 alituma kadi mbili za posta kila siku kwa watu aliowafahamu. Mbele palikuwa na picha ya kitalii ya mji alimokuwa, nyuma amegonga kwa mihuri ya mpira taarifa moja: saa na dakika aliyoamka siku hiyo. Basi. Hakueleza kama amelala vizuri wala kama ana huzuni. Sambamba na hizo, tangu Januari 1966, alikuwa akichora tarehe ya siku kwa herufi nyeupe juu ya rangi moja, na mchoro usipokamilika kabla ya siku kwisha, aliuharibu. Kwa mpokeaji wa kadi moja, taarifa ile ni kidogo mno. Kwa anayezitazama mamia zimepangwa ukutani, ni mtu mzima na miaka ya maisha yake: siku alizoamka mchana, miji aliyopita, ukaidi wa kuendelea. Kazi ile imejengwa kwa uaminifu wa kurudia na usahihi wa jambo dogo. Na ilikuwa ya kutumiana tangu mwanzo. Bila mpokeaji haikuwa kamili.

Kwa hiyo mwenzetu anayetupigia picha ukuta uleule kila Jumamosi, asije akaambiwa anatuchosha. Mimi namfuatilia. Nimeuona ukuta ule ukipakwa rangi, ukichorwa tangazo, tangazo likifutwa, na sasa chini ya rangi nyepesi herufi za zamani zinarudi. Nilipokuja kusoma juu ya rangi zinazochungulia kwenye nyufa za Malevich, nilikuwa tayari na kitu cha kuelewea. Ukuta ulinifundisha kuutazama mchoro, na tangu hapo mchoro umenirudisha ukutani na macho mengine. Mkitenganisha pande hizi, njia hiyo inakatika.

Mtazamaji naye anahitaji kujibiwa. Vivian Maier alikuwa yaya jijini Chicago. Alipiga picha za watu wa mitaani maisha yake yote ya utu uzima, akaacha negativu (filamu za picha ambazo hazijasafishwa kuwa picha za karatasi) zaidi ya 100,000, nyingi akiwa hajamwonyesha mtu. Mwaka 2007 masanduku yake yalipigwa mnada kwa sababu ada ya ghala haikulipwa, na alifariki mwaka 2009 kabla dunia haijalijua jina lake. Huenda aliutaka upweke huo, sidai kumsemea. Lakini katika jumuiya yetu wamo watu wanaotuma kitu cha kwanza baada ya kusoma kimya kwa muda mrefu, na chini yake panabaki patupu. Hao hawakuchagua upweke. Neno moja mahususi, "nimependa ulivyoiacha ile kona giza," lingewafanya watume tena.

Yapo mambo mawili matatu ya adabu ambayo nitayapita haraka kwa kuwa wasimamizi wameyaandika kwenye kanuni. Msanii atajwe jina, na aliye hai aulizwe kabla kazi yake haijasambazwa. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, unaohusu hakimiliki, umeweka ulinzi wa kazi nyingi kuwa maisha ya mwandishi au msanii na angalau miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zinatoa 70. Picasso alifariki mwaka 1973, kwa hiyo katika nchi hizo kazi zake zinalindwa mpaka mwisho wa 2043. Wanaotafuta picha za kutumia bila hofu wajue kwamba tangu 2017 jumba la Metropolitan limefungua zaidi ya picha 375,000 za kazi zisizo tena na hakimiliki, bure kwa matumizi yoyote. Picha iliyotengenezwa na akili bandia isemwe hivyo wazi. Mtu anayetambulika kwenye picha yako ya mtaani ni binadamu kabla ya kuwa mada, na abiria aliyesinzia hakukupa ruhusa. Mtoto ndiyo kabisa. Picha ya simu inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa, na ukiituma kama faili taarifa hiyo huweza kwenda nayo, hivyo izimeni kabla ya kutuonyesha dirisha la chumbani kwenu.

Naja kwenye pendekezo langu, mwenyekiti. Jumuiya ibaki moja. Ili mchoro wa miezi mitatu usizame, kila wiki ichaguliwe kazi moja ya sanaa, ikae juu siku zote 7, na anayeileta aandike jina, mwaka, vipimo, alichokiona, na maelezo kwa ajili ya wasioona. Wiki hiyohiyo wengine wote tutume kitu kimoja tulichokiona katika siku zetu kinachokaa karibu na kazi ile, tena kwa maneno, si picha tupu.

Kwa wiki ya kwanza napendekeza chungu kimoja cha Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Yeye hajengi kwa gurudumu, anapandisha udongo kwa mkono, anausugua mpaka uso wake ung'ae bila kupaka gilezi, yaani rangi ya kioo ya vyungu, kisha moto ndio unaoamua: hewa ikiwepo chungu kinatoka na rangi ya machungwa, kikichomwa tena kwa kunyimwa hewa kinakuwa cheusi. Shingo zake huinama kama za watu wanaosikiliza. Sisi wengine tutatuma chombo chochote kinachohifadhi maji mahali tunapoishi, na kusema kimekwaruzika wapi na mkono unakishika wapi. Maelezo ya chungu nitayaandika mimi, na nimewaomba wenzetu wawili wasioona wayapitie kabla hayajapandishwa, wanirudishie kila mahali watakapokuwa hawajakiona.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, narudisha kipaza sauti ili kura ipigwe.